Kadi 180 za kemia ogania na bado nimefeli: kosa liko wapi?

*"Niko mwaka wa pili chuoni. Kemia ya mwaka wa kwanza nilifaulu vizuri kwa kukariri, kwa hiyo kwenye kemia ogania nikafanya vilevile: nimeandika kadi 180 za mimenyuko na kila siku nasoma kwa saa nne. Nikifuatilia mifano ya kitabuni pamoja na majibu yake naelewa kila hatua. Lakini mtihani wa kwanza, wenye uzito wa asilimia 30, nimepata 38 kwa 100, na alama ya kufaulu somo ni 50. Maswali mengi sikuwahi kuyaona. Zimebaki wiki sita kabla ya mtihani wa mwisho. Je, niongeze saa za kusoma, au nikubali kwamba sina kichwa cha somo hili nibadilishe kozi?"*

Pole kwa matokeo hayo. Kabla ya kuzungumzia kichwa chako, tupige hesabu. Alama 38 kwenye mtihani wenye uzito wa 30 zimekupa pointi 11.4. Ili ufikishe 50 unahitaji pointi 38.6 kati ya 70 zilizobaki, yaani wastani wa kama asilimia 55. Si mlima mdogo kwa mtu aliyetoka kupata 38, lakini unapandika, na hauhitaji saa zaidi ya nne kwa siku. Saa unazo za kutosha. Tatizo ni unachokifanya ndani yake, na wewe mwenyewe umelitaja bila kujua, pale uliposema unaelewa kila hatua ukifuatilia majibu.

Kufuata njia iliyokwisha kuchorwa na kuichora mwenyewe ni kazi mbili tofauti kwa ubongo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja lilirudia kuyasoma, jingine liliyaweka kando na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana kurudia kusoma kunadanganya: kunakupa hisia ya kujua jioni ileile, kisha mtihani unafika wakati hisia imebaki na ujuzi umeondoka. Kwenye kemia ogania udanganyifu huo ni mkubwa zaidi, kwa sababu kila mshale uliokwisha kuchorwa unaonekana kama usingeweza kwenda kwingine.

Sasa tuje kwenye kadi. Dhana kwamba kemia ogania ni somo la kukariri ina ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaoiponza. Chukua kadi ambayo bila shaka unayo: propeni ukiiongezea HBr unapata 2-bromopropani. Umeikariri, vizuri. Mtihani ukikuletea 1-methilisaiklohekseni na HBr, huna kadi yake. Ukikuletea 3-methili-1-buteni, CH2=CH–CH(CH3)2, ni hatari zaidi, kwa sababu hapo unadhani kadi unayo. Utaandika 2-bromo-3-methilibutani kwa kujiamini, wakati zao kuu ni 2-bromo-2-methilibutani.

Kwa nini? Tazama elektroni. Bondi pacha ina elektroni nyingi zilizo wazi, na haidrojeni ya HBr ina upungufu. Elektroni za bondi pacha zinaichukua haidrojeni hiyo, nayo inakaa kwenye kaboni ya mwisho. Kaboni ya pili inabaki na chaji chanya, yaani molekuli imekuwa kabokatayoni. Haidrojeni haikukaa kwenye kaboni ya pili kwa sababu chaji chanya ingebaki kwenye kaboni ya mwisho, yenye jirani mmoja tu wa kaboni. Chaji chanya hutulia zaidi inapozungukwa na kaboni nyingi, kwa kuwa elektroni za bondi za majirani huegemea upande wake na kuipunguza makali. Hadi hapo kadi ya propeni inatosha. Lakini katika molekuli hii jirani wa kaboni yenye chaji ameungana na kaboni tatu. Haidrojeni ya jirani huyo, pamoja na elektroni zake mbili, inahamia kwenye kaboni yenye chaji, na chaji chanya inahamia kwa jirani, mahali pa utulivu zaidi. Ndipo bromaidi inapokuja na kujiunga hapo.

Kadi yako ilihifadhi mwanzo na mwisho, ikaacha katikati, na mtihani huuliza katikati. Mwanakemia Vladimir Markovnikov alitoa kanuni yake ya namna HX (kama HBr au HCl) inavyojiunga na alkeni, yaani molekuli yenye bondi pacha, karibu mwaka 1870, zaidi ya miaka 25 kabla mwanafizikia J. J. Thomson hajaonyesha mwaka 1897 kwamba elektroni ipo. Yeye alikuwa na mpangilio bila sababu kwa kuwa sababu haikuwa imepatikana. Wewe sababu unayo kwenye kitabu, kwa nini ujinyime?

Basi ujuzi wa kwanza wa kujenga upya ni mshale uliopinda. Mshale huonyesha safari ya elektroni mbili, si safari ya atomu. Huanzia mahali penye elektroni, yaani kwenye jozi huru (elektroni mbili zisizo kwenye bondi) au kwenye bondi, na huishia kwenye atomu inayozipokea au katikati ya atomu mbili zinazounda bondi mpya. Kosa namba moja ni kuanzisha mshale kwenye H+, kwa sababu macho yanaona haidrojeni "ikienda" mahali fulani. H+ haina elektroni hata moja ya kutoa. Mshale lazima uje kwake. Kosa la pili ni kaboni yenye bondi tano, ambalo hutokea ukileta bondi mpya bila kuvunja ya zamani. Kosa la tatu ni kusahau kwamba jumla ya chaji upande wa kushoto lazima ilingane na ya kulia. La nne ni kuchora haidroksaidi yenye chaji hasi ikielea ndani ya asidi ya salfuriki, au alkoholi iliyobeba protoni ya ziada ndani ya sodiamu haidroksaidi. Kabla ya mshale wowote, andika juu ya karatasi neno moja: asidi, au besi. Neno hilo pekee litakuokoa alama nyingi.

Kisha, kabla ya kugusa kalamu, jiulize: elektroni ziko nyingi wapi, na ziko chache wapi? Chenye elektroni za kutoa ndicho nyukliofili, chenye njaa nazo ndicho elektrofili, na mshale wa kwanza mara nyingi hutoka kwa cha kwanza kwenda kwa cha pili. Ukishindwa kujibu hapo, tatizo lako haliko kwenye mimenyuko. Liko nyuma zaidi, kwenye kuchora jozi huru, chaji na resonansi, yaani maumbo kadhaa ya molekuli ileile yanayotofautiana kwa mahali pa elektroni tu. Jipime hivi: chora ioni ya naitreti, NO3−, ikiwa na jozi zake zote huru, chaji ya kila atomu na maumbo yake matatu ya resonansi. Chaji ya atomu unaipata kwa kuchukua elektroni zake za nje ikiwa peke yake, ukatoa zisizo kwenye bondi, ukatoa nusu ya zilizo kwenye bondi. Ikikuchukua zaidi ya dakika tatu, wiki yako ya kwanza yote itumie hapo, hata kama inauma kurudi kwenye mambo ya mwaka wa kwanza.

Cha kukariri bado kipo. Kariri namba chache za pKa (kipimo cha ukali wa asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali), kwa makadirio: HCl ni −7, asidi za kaboksili 5, ioni ya amoniamu 9, fenoli 10, maji 16, alkoholi 16 hadi 18, haidrojeni ya kaboni iliyo jirani na kabonili (kaboni yenye bondi pacha na oksijeni) ya ketoni 20, alkaini yenye haidrojeni mwishoni 25, amonia 38, alkani 50. Namba kumi hizi zinafanya kazi kubwa kuliko kadi zako mia. Mmenyuko wa asidi na besi huelekea upande wenye asidi dhaifu zaidi, na kila tofauti ya namba moja ni mara kumi. Ukiulizwa kama sodiamu haidroksaidi inaweza kung'oa haidrojeni ya alkaini, linganisha 25 na 16. Tofauti ni 9, kwa hiyo mizani imelalia upande usioutaka kwa mara bilioni moja. Badala yake tumia NaNH2, maana amonia ni 38 na tofauti ya 13 inaigeuza mizani upande unaoutaka kwa mara trilioni kumi. Namba hizohizo zinakuambia pia nani anaondoka kirahisi kwenye molekuli: anayeondoka vizuri ni besi dhaifu, yaani mwenza wa asidi kali. Bromaidi na iodaidi huondoka bila kusumbua. Haidroksaidi hukataa mpaka umbebeshe protoni aondoke kama maji.

Kariri vilevile vitendanishi ambavyo jina lake halikuonyeshi kitakachotokea: PCC husimamisha alkoholi ya msingi kwenye aldihaidi wakati pamanganeti huipeleka hadi asidi ya kaboksili, NaBH4 hugusa aldihaidi na ketoni ikaiacha esta, LiAlH4 haibagui kati ya hizo, kichocheo cha Lindlar hutoa alkeni ya cis kutoka kwenye alkaini, sodiamu ndani ya amonia ya kimiminika hutoa ya trans. Kwa mambo haya kadi ni chombo kizuri sana.

Kwa hiyo usizitupe. Tenga jioni moja, zimwage zote 180 mezani, uzipange upya kwa kigezo kimoja: mshale wa kwanza unatoka wapi kwenda wapi. Sura za kitabu zisahau. Utaona rundo la nyukliofili inayoshambulia kaboni yenye kundi linaloondoka, rundo la nyukliofili inayoshambulia kabonili, rundo la bondi pacha inayochukua elektrofili, rundo la benzini inayofanya vivyo hivyo na kisha kurudisha mzunguko wake, na rundo la besi inayong'oa haidrojeni. Zitabaki chache zisizo na kwao, na hizo ndizo za kukariri kweli. Halafu nyuma ya kila kadi chora mishale, na chini yake andika jibu la swali "kwa nini si zao lile jingine?" Kadi ambayo huwezi kuijibu swali hilo hujaijua, hata kama zao lake unalitaja usingizini.

Mada inayoangusha wengi kwenye mtihani wa kwanza, na nadhani ndiyo iliyokuangusha, ni uchaguzi kati ya SN1, SN2, E1 na E2: SN ni nyukliofili kuchukua nafasi ya kundi linaloondoka, E ni uondoaji unaoacha bondi pacha. Wanafunzi huikariri kama jedwali la miraba kumi na sita, wakachanganya miraba. Isome kama mazungumzo yenye utaratibu. Swali la kwanza ni kaboni yenye kundi linaloondoka ina majirani wangapi wa kaboni. Katika SN2 nyukliofili huingia kwa nyuma, upande wa pili wa kundi linaloondoka. Bromomethani iko wazi kabisa, kwa hiyo haidroksaidi huingia bila shida. Kwenye 2-bromo-2-methilipropani nyuma kumezibwa na makundi matatu ya methili, na SN2 imekufa hapo hapo, usiitaje tena. Swali la pili ni nani anashambulia. Molekuli hiyohiyo iliyozibwa ukiiweka ndani ya maji, ambayo ni besi dhaifu, bromaidi huondoka yenyewe polepole na unapata SN1 pamoja na E1 kidogo; ukiiweka na sodiamu ethoksidi, besi kali, haidrojeni ya pembeni hung'olewa na unapata E2. Kaboni yenye majirani wawili ndiyo uwanja wa vita, na watunga mitihani wanaipenda. Hapo 2-bromopropani na iodaidi ndani ya asetoni ni SN2, kwa kuwa iodaidi ni nyukliofili nzuri na besi hafifu. Badilisha iodaidi kwa ethoksidi na E2 inashika uongozi. Joto likipandishwa, uondoaji hupata nguvu zaidi. Kiyeyushi kinakuja baadaye kama mwamuzi, si kama swali la kwanza.

Kuhusu namna ya kutumia siku, ningepunguza saa nne ziwe tatu, na karibu mbili kati yake ziwe za kufanya maswali daftari la mhadhara likiwa limefungwa. Ndani ya saa 24 baada ya mhadhara, chukua karatasi tupu, andika kwa dakika 20 kila unachokumbuka ikiwemo mishale, ndipo ufungue daftari na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia karatasi hiyo baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukifanya swali na kukwama, weka saa: dakika 12, na katika dakika hizo lazima uandike kitu, hata kama ni jozi huru na chaji tu. Zikiisha, fungua jibu uone mstari mmoja, lifunge, uendelee mwenyewe. Swali ulilosaidiwa halihesabiki kuwa limefanywa. Kesho yake lifanye tena kuanzia karatasi tupu. Hapa ndipo wengi huchukua njia ya mkato, na hapa ndipo alama zilipo.

Weka daftari la makosa. Kila kosa liandikie ulichochora, kanuni uliyoivunja, na swali ambalo ungejiuliza usingekosea. Baada ya makosa kama thelathini utagundua kwamba ni yaleyale manne au matano yanayorudi yakiwa na nguo tofauti.

Na changanya mada. Mazoezi ya mwisho wa sura yanakuvujishia siri: ukiwa kwenye sura ya alkeni unajua jibu ni la alkeni. Mtihani haukuambii uko sura gani. Kuanzia wiki ya tatu, chukua maswali mawili kutoka kila sura, yakate, yachanganye, uyavute kama bahati nasibu. Utajisikia umerudi nyuma na alama zako za mazoezi zitashuka kwa siku kadhaa. Usiogope, huo ndio ugumu wa mtihani ukiuonja mapema. Wiki ya mwisho ibaki kwa mitihani iliyopita, kwa muda kamili, bila kusimama.

Maumbo ya pande tatu hayasomeki kwa macho peke yake. Tumia seti ya mipira na vijiti, au vijiti vya meno na udongo wa kufinyanga wa rangi nne. Kwa kutofautisha R na S, yaani maumbo mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo, kosa la kawaida ni kusahau kundi la daraja la chini liko wapi: likikutazama wewe, soma mzunguko kisha geuza jibu. Maswali ya kutengeneza molekuli kwa hatua nyingi nayo yasikutishe. Anza kwa kuhesabu kaboni za mwanzo na za mwisho ujue bondi ngapi za kaboni na kaboni unapaswa kujenga, kisha anzia kwenye zao urudi nyuma. Mwanakemia E. J. Corey alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kuifanya njia hiyo ya kurudi nyuma kuwa utaratibu, hivyo hakuna aibu kuanzia mwisho.

Video ni nzuri ukiisimamisha kabla ya jibu na kuchora lako kwanza. Ukiitazama moja kwa moja ni kurudia kusoma kwa jina jingine. Programu za kujibu maswali ya kemia zinaweza kuchora mshale wenye kosa kwa sauti ya kujiamini kabisa, na kwa sasa huna jicho la kuliona. Zitumie kupata maswali zaidi, si kupata majibu.

Kubadilisha kozi? Alama 38 iliyopatikana kwa njia mbovu haipimi kichwa, inapima njia. Jipe wiki mbili za utaratibu huu. Kama baada ya hapo bado huwezi kuchora mshale wa kwanza kwenye maswali mengi, nenda kwa mhadhiri au msaidizi wake ana kwa ana, ukiwa na maswali matatu uliyoyajaribu na mahali ulipokwama pamezungushiwa duara. Usimwambie "sielewi sura ya saba". Mwambie "hapa nilitaka kung'oa haidrojeni hii, kwa nini si hii?" Dakika kumi za namna hiyo zinazidi saa ya mhadhara. Wakati huohuo muulize mshauri wako wa masomo tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye somo bila kuathiri matokeo, uamue ukiwa na taarifa mkononi. Kama kozi unayoitaka haihitaji kemia ogania na hata hukuipenda tangu mwanzo, kuiacha ni uamuzi halali. Nisichopenda ni uiache kwa hofu ya wiki moja. Na kama kwenye meza yako maswali unayaweza lakini ukikaa kwenye chumba cha mtihani moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na kila kitu kinafutika, au hulali usiku kadhaa mfululizo, hilo si la kemia. Mwone mshauri nasaha wa chuo au daktari, na mapema.

Usiku wa leo anza na swali hili, karatasi tupu, dakika 12: 3,3-dimethili-1-buteni, CH2=CH–C(CH3)3, pamoja na HCl. Kabokatayoni ya kwanza utaipata bila shida. Jirani yake safari hii hana haidrojeni ya kuhamisha, kwa hiyo tafuta nini kingine kinaweza kuhama pamoja na elektroni zake mbili. Ukifika kwenye 2-kloro-2,3-dimethilibutani, na kila mshale umeanzia penye elektroni, kesho anza kuzipanga zile kadi.